Dar, Bagamoyo na Zanzibar kwa dola elfu moja: lipia kiongozi, usilipie gari linalolala

Swali: “Tuko watu wanne wa Kamalondo, Lubumbashi: mimi, bwana yangu, mdogo wangu na binti yetu wa miaka 15. Ajansi moja ya hapa mjini inatuuzia safari ya siku 9 Tanzania: Dar es Salaam, Kilwa, Bagamoyo, Zanzibar na mbuga ya Mikumi. Kuna gari siku zote, kiongozi wa kusema Kifaransa, hoteli za nyota tatu. Wanaomba dola 1,480 kwa kila mtu, tiketi ya ndege haimo. Sisi uwezo wetu ni dola 1,000 kila mmoja. Ile bei ni ya haki? Tunaweza kuishusha bila kumkosa kiongozi? Bwana yangu anataka pia apite Kariakoo kununua bidhaa.”

Mama, elfu moja inatosha, na kiongozi mtampata. Ila msiishushe kwa kubembeleza. Ajansi ikibembelezwa inashusha hoteli na chakula, halafu inawaachia yale yale yanayokula pesa. Katika programu hiyo mnalipia vitu vitatu msivyovihitaji: Kifaransa, gari la siku tisa, na Kilwa.

Tuanze na Kifaransa. Tanzania viongozi wanaokisema vizuri si wengi, na soko lao ni watalii wa Ulaya, kwa hiyo bei yao iko juu. Tena kiongozi wa namna hiyo hutembea na kundi kuanzia uwanja wa ndege hadi siku ya kurudi: analala, anakula, analipwa hata siku mnazokaa ufukweni. Ninyi mnasema Kiswahili. Mtu wa kuwatembeza Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa Kiswahili anapatikana pale pale, analipwa kwa ziara ya saa mbili au tatu, kisha anakwenda zake. Mwingine mnamchukua Bagamoyo, mwingine Mikumi. Kila mmoja kazaliwa mahali pake au kapafanyia kazi miaka, na hilo lina faida kuliko mtu mmoja anayejua kidogo cha kila mji. Kiswahili cha pwani kitawapita hapa na pale siku ya kwanza. Mwambieni apunguze mwendo, basi.

Gari ndilo linalouma zaidi. Tufanye hesabu ya mfano: gari na dereva, mafuta ndani, tuseme dola 180 kwa siku. Siku tisa ni dola 1,620. Lakini gari halivuki bahari. Siku zote mtakazokuwa Zanzibar limeegeshwa Dar, dereva anapumzika, nanyi mnalipa. Siku ambazo kweli mnalihitaji ni tatu: mbili za Mikumi, moja ya Bagamoyo. Hiyo ni dola 540. Tofauti ni dola 1,080, mkigawana wanne ni dola 270 kwa kila mtu. Mmeshuka hadi 1,210 bila kugusa kitanda wala sahani. Zilizobaki hadi elfu moja zitafuteni katika Kifaransa na Kilwa.

Kilwa inaniuma kuitoa, maana kwa historia inazidi zote. Magofu ya Kilwa Kisiwani yako katika orodha ya UNESCO tangu 1981, Ibn Battuta alifika huko 1331, na msikiti wake mkuu wenye kuba nyingi hauna mwenzake pwani nzima. Lakini ni zaidi ya kilomita 300 kusini mwa Dar. Siku moja ya kwenda, moja ya kuvuka kwa boti na kutembea magofu, moja ya kurudi: theluthi ya safari yenu yote kwa nusu siku ya kuona. Na barabara hiyo ina udhaifu wake wakati wa mvua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Kilwa ni safari ya peke yake. Ajansi inayoiweka pamoja na Mikumi na Zanzibar katika siku tisa inauza orodha ya majina. Mtayaona mengi kupitia dirishani.

Sasa siku tisa zipangwe hivi. Siku ya kwanza mnaingia Dar na kulala. Ya pili asubuhi mnapanda treni ya umeme, ile ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, hadi Morogoro, chini ya saa mbili. Tiketi inakatwa kwa namba ya paspoti, na jina lifanane na lililo kwenye paspoti herufi kwa herufi. Sisi wa Kongo tuna jina, postnom na prénom, na mkata tiketi akichanganya mpangilio mtabishana mlangoni. Morogoro mnakutana na gari lenu, mnalala mji wa Mikumi. Siku ya tatu mnaingia mbugani lango linapofunguliwa alfajiri, mnazunguka uwanda wa Mkata ambako tembo, twiga, nyati na pundamilia huonekana bila kuhangaika, mnapita bwawa la viboko, na mchana mnarudi Morogoro kupanda treni ya jioni. Siku ya nne Bagamoyo, kwenda na kurudi. Ya tano boti ya asubuhi kwenda Zanzibar, usiku tatu huko. Ya nane mnarudi Dar, ya tisa ndege.

Mmeona Mikumi nimeitanguliza na kurudi Dar nimekuweka siku moja kabla ya ndege. Ni kwa makusudi. Watu wengi hupanga boti na ndege siku moja, na wengi hulia. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unachafua bahari. Boti inaweza kuchelewa au kuahirishwa, na shirika la ndege halitawasubiri.

Mikumi kuna jambo ambalo ajansi nyingi za Lubumbashi hazilijui, au zinalijua zikanyamaza. Hifadhi za taifa za Tanzania zina viwango tofauti vya kiingilio: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wageni wakazi, na wageni wengine wote. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022. Raia wa Jumuiya hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kando ya dola 30 na kodi juu yake wanazolipa watu wa mbali. Kwa hiyo bei mliyopewa, ulizeni imehesabiwa kwa kiwango gani. Kama wamewahesabia kama watu wa Ulaya, hiyo pesa irudi kwenu, isibaki mfukoni mwa mtu. Kampuni iandike “raia wa EAC”, yaani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ombi la malipo, nanyi mbebe paspoti zenyewe hadi langoni, si nakala kwenye simu. Jueni pia kwamba malango ya hifadhi hayapokei pesa mkononi: kampuni inalipia kwa namba ya malipo au kadi, na dereva awe na risiti kabla ya kuondoka Morogoro. Dereva anayesema “nipeni pesa nitalipa kule” mwulizeni atalipaje.

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar, lakini msafara wa magari wa kutoka mjini unaweza kula asubuhi nzima. Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri (06:00). Mji ni mdogo, unatembelewa kwa miguu, ila magofu ya Kaole yako kilomita chache nje, hivyo gari libaki nanyi. Hapa ndipo mtajua kama kiongozi wenu ameiva. Kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, kuna mbuyu ulioumeza mnyororo. Kipande cha chuma kinachungulia kwenye gamba. Kiongozi wa mitaani atawaambia ni mnyororo wa watumwa, na ataweka huzuni usoni. Aliyeiva atawaambia ukweli: mnyororo uliwekwa kumfungia punda wa bibi mmoja Mfaransa aliyekuwa misheni, ukasahauliwa, mti ukanenepa juu yake. Wa kwanza mlipeni mliyopatana mwachane. Wa pili muulizeni maswali yote mliyonayo.

Na mtu wa Katanga ana maswali Bagamoyo. Misafara ya pembe, shaba na watumwa ilitoka hadi kwetu. Msiri, mwenye Garanganze ya Bunkeya, asili yake ilikuwa Unyamwezi, kwenye njia hiyo hiyo ya msafara inayopita Tabora. Mwili wa Livingstone, aliyefariki Mei 1873 kwa Chitambo, upande wa pili wa mpaka wetu, ulibebwa na watumishi wake kina Chuma na Susi hadi hapa Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Kiongozi mzuri akisikia mnatoka Lubumbashi ataacha hotuba yake ya kila siku na kuanza kwenu. Mwambieni mapema.

Zanzibar ndipo pa kumwekea kiongozi pesa nzuri zaidi. Mji Mkongwe, ulioingia UNESCO mwaka 2000, ni vichochoro. Bila mtu mtazunguka, mtaona milango mizuri, mtapiga picha, na hamtajua mlichokiona. Anzeni siku ya kwanza, mkishaweka mizigo hotelini. Ngome Kongwe, kisha Beit al-Ajaib kwa nje: Sultani Barghash aliijenga 1883, sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo yeyote anayewauzia “tiketi ya kuingia Jumba la Maajabu” mwulizeni kwanza kama limefunguliwa. Kisha milango: ya Kiomani ni ya pembe mraba na nakshi zake za maandishi na mawimbi, ya Kihindi ina tao juu au misumari ya shaba iliyochongoka. Mkioneshwa mara moja, binti yenu atawasahihisha mji mzima.

Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873, sasa kuna kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa chini ya Askofu Edward Steere. Tengeni saa moja na nusu, msikimbie. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, mahali inapoaminika ilisimama nguzo ya kuchapia viboko. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kule kwa Chitambo. Nje, ndani ya shimo, ziko sanamu tano za watu wamesimama hadi kifuani, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Sanamu ni za saruji, minyororo shingoni ni ya kweli. Halafu mtateremshwa vyumba vya chini ya jengo la jirani, vyenye dari ya kugonga kichwa, mwambiwe ndipo walipofungiwa watumwa. Wanahistoria wanabishana juu ya hivyo vyumba, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa baada ya soko kufungwa. Kiongozi anayewaambia ubishi huo anastahili bakshishi.

Ombeni pia kupitishwa Shangani kwenye nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ni kuuangalia mlango kwa nje na kupita, lakini kwa Mkongomani si nyumba ya kuruka: Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed, ndiye aliyetawala Manyema kwa bunduki, akafanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887 kwa niaba ya Leopold II, na akarudi kufia Zanzibar 1905. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Programu za watalii wa Ulaya humpa sentensi moja. Ninyi ombeni robo saa.

Viongozi wa Zanzibar wana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, chenye picha, cha kuvaa shingoni. Asiyekuwa nacho ni papasi. Papasi watawadaka bandarini kabla mizigo haijatua, watasema wanaijua hoteli yenu imejaa maji, au imefungwa, na wao wanayo nyingine. Msijibu kwa ukali, msijibu kwa urefu. Pataneni na kiongozi kupitia mapokezi ya hoteli mara mkifika, kwa kundi, si kwa kichwa: “watu wanne, muda wa saa tatu, Kiswahili, viingilio tunalipa wenyewe.” Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu, maana viingilio vikipitia kwake hamjui kimebaki kiasi gani.

Siku ya pili Zanzibar, shamba la viungo upande wa Kizimbani au Kidichi asubuhi, na msitu wa Jozani mchana kuona kima punju, mbega mwekundu asiyepatikana porini nje ya visiwa hivyo. Shambani watawasukia kofia na mikufu ya majani ya mnazi, kijana atapanda mnazi akiimba, na mwisho kuna meza ya kuuza. Kila kimoja kina mkono uliokunjuliwa nyuma yake. Hamlazimiki. Karafuu na iliki nunueni Darajani, sokoni kwa wenyeji. Siku ya tatu ufukwe: pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji hukimbia mbali yakipwa, mtatembea matopeni mkitafuta bahari, Nungwi na Kendwa kaskazini mnaweza kuogelea karibu saa zote. Jioni mle Forodhani, lakini ulizeni bei kabla ya kuelekeza kidole, na pweza aliyepangwa tangu mchana mpisheni.

Boti ya mwendo wa kasi ni takriban saa mbili. Kwa wasio wakazi daraja la kawaida limekuwa dola 35 kwa njia moja. Nunueni dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, kamwe si kwa vijana wa nje ya geti wanaovaa fulana zinazofanana na za kampuni. Kaeni nyuma, chini, kama kuna anayetapika baharini, na dawa mezeni nusu saa kabla, si mkishaona mawimbi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawadai wageni kutoka nje ya nchi bima ya dola 44 kwa mtu mzima. Itafuteni katika bei ya ajansi. Mara nyingi imeachwa kwenye kile kifungu cha herufi ndogo, “haimo”.

Jingine la boti ni saa. Dar iko saa moja mbele ya Lubumbashi. Tena Tanzania huhesabu saa za Kiswahili kila mahali, nasi Lubumbashi wengi tunataja za Kifaransa hata tukisema Kiswahili. Mtu akiwaambia “boti saa moja” anamaanisha 07:00 ya Dar, ambayo ni 06:00 ya saa yenu mkisahau kuisogeza. Kila miadi, ombeni iandikwe kwa tarakimu.

Pesa nazo hazifuati desturi ya kwetu. Lubumbashi dola inanunua mkate. Tanzania, kwa kanuni zilizotoka Machi 2025, bidhaa na huduma za ndani huuzwa kwa shilingi. Badilisheni benki au duka la kubadilisha lenye leseni, mtunze risiti. Noti za dola ziwe mpya, bila wino wala mpasuko, na za toleo la karibuni. Hilo angalau tumelizoea.

Karatasi: paspoti yenye miezi sita mbele, kadi ya njano ya homa ya manjano kwa kila mmoja na binti pia, kwani anayetoka Kongo hudaiwa kadi hiyo, na masharti ya viza yaulizwe kwenye ofisi za Tanzania kabla ya kutoa avansi yoyote. Mifuko ya plastiki ya dukani, ile ya kufungia viatu, msiingie nayo; imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na huchukuliwa uwanjani.

Kuhusu majira: Machi hadi Mei ni masika, hoteli ni rahisi lakini barabara za mbugani ni tope na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga. Julai na Agosti, likizo yetu ya shule, ndiyo bei ya juu Zanzibar. Kama binti anaweza kuondoka mara mitihani ikiisha, mwishoni mwa Juni ni kuzuri: nchi imekauka, bei hazijapanda. Wakati wa Ramadhani Zanzibar ina utulivu wake na futari nzuri, lakini mchana chakula cha nje ni shida. Wakati wowote, mabega na magoti yafunikwe mkitembea Mji Mkongwe.

Sasa njia ya pili, ambayo hamkuiuliza. Kama mnaweza kupata siku nne zaidi, nendeni kwa barabara na kurudi kwa ndege. Watu wa biashara wa Lubumbashi hupita Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Nakonde na Tunduma kila wiki, wakilala ndani ya basi, na hawajui wanapita kando ya nini. Sehemu ya Zambia ni ndefu, zaidi ya kilomita elfu moja, na ni ya kuvumilia tu; karatasi za kupita Zambia ziwe tayari, na Tunduma msibadilishe pesa kwa wale wanaokuja dirishani na mafungu mkononi. Lakini ukishavuka Tunduma, safari ya utalii imeanza bila kulipia gari la utalii.

Kabla ya Mbeya kuna kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma kutoka angani, urefu wa mita tatu hivi, limekaa kwenye mteremko wa kilima na unaligusa kwa mkono. Baada ya Mbeya, siku karibu nzima ya basi hadi Iringa. Hapo laleni usiku mbili. Teksi moja ya siku moja inawafikisha Isimila, korongo lenye nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale zimelala pale zilipoachwa, na Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akafa 1898 akikataa kukamatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani na kurudishwa 1954. Liko hapo, ndani ya kioo. Mtunzaji ndiye kiongozi wenu, kwa Kiswahili, na bei yake ni kiingilio na bakshishi.

Kutoka Iringa chagueni basi la asubuhi na mkae upande wa dirisha: mlima wa Kitonga, bonde la mibuyu la Ruaha Mkuu, kisha mji wa Mikumi. Shukeni hapo, ingieni mbugani kesho yake alfajiri kwa gari la kukodi la nusu siku, halafu basi la Morogoro na treni: barabara kuu ya kwenda huko inakata mbuga kwa kilomita 50, matuta ni mengi, basi linapunguza mwendo, na twiga mnawaona kwa nauli ya kawaida. Kwa njia hii Mikumi hamuifuati kutoka Dar na kurudi, na gari la siku mbili limekuwa la nusu siku. Usiku msisafiri, mabasi ya asubuhi yapo kila siku.

Ajansi yenu mwiandikie barua moja fupi. Ombeni bei ipasuliwe: gari siku ngapi na kwa kiasi gani, vyumba vingapi na majina ya hoteli bila lile neno “au inayolingana nayo”, kiongozi nani na wapi, viingilio kwa kiwango gani, boti, bima, milo mingapi, faida yao. Ombeni jina la kampuni ya Tanzania itakayowapokea na nakala ya leseni yake ya utalii, ile inayoitwa TALA, ya mwaka huu. Kampuni isiyo nayo hairuhusiwi kuwasafirisha mbugani, na langoni mtarudishwa nyie, si wao. Avansi isizidi asilimia 30, iende kwenye akaunti ya kampuni na si namba ya simu ya mtu, salio mkifika. Wakikataa kuipasua, tafuteni kampuni yenye leseni Morogoro kwa Mikumi pekee, na mengine yote mjinunulie wenyewe. Kwa Kiswahili chenu na simu moja mtaweza. Ajansi iwauzie tiketi ya ndege.

Kwa bwana yako na Kariakoo: siku ya nane, mkishuka boti, kama mmerudi na ya asubuhi. Nyie wengine mnaweza kwenda Makumbusho ya Taifa kuona fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959, au kutembea kutoka kanisa la Azania hadi sanamu ya Askari. Yeye atakuta Kariakoo hata Msikiti wa Manyema, uliobeba jina la watu waliotoka kwetu na misafara. Asinunue siku ya kwanza, maana kila mzigo utalipiwa kwenye treni, boti na gari. Vitu vidogo viingie ndani ya kilo za ndege, mpime hotelini kabla ya uwanjani. Vizito aviache kwa wasafirishaji wa mizigo wa Kariakoo wanaokusanya shehena za Lubumbashi: apate risiti yenye idadi ya maboksi, kila boksi liandikwe jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika, apige picha likiwa limefungwa, na akubaliane kwa maandishi kama bei inafika Kasumbalesa tu au inafika Kamalondo ushuru ukiwa umelipwa.